Bata Mwenye Kishungi

"Unamwona?" aliuliza Gerrit Terpstra. Jicho lake la kulia lilikuwa limeganda kwenye darubini iliyobanwa juu ya kioo cha mlango wa gari.

"Nani?"

"Huyo pale, kulia kwa barafu. Mweusi, ubavu mweupe. Mama, hebu ziache hizo sindano kidogo."

Mkewe Hennie hakuziacha. Alikuwa amefika kwenye kisigino cha soksi, na kisigino ukikiacha katikati kinakuja kukuaibisha. Aliinua macho tu, akalitazama Ziwa Ontario kama alivyolitazama karibu kila asubuhi tangu wauze shamba la mapichi na kuhamia ufukweni: maji ya kijivu, barafu iliyovunjikavunjika ukingoni, na madoadoa ya bata ambao kwake yeye wote walikuwa bata. Hita ya gari ilikuwa inawapulizia joto miguuni. Nje ulivuma upepo wa kumtoa mtu masikio.

"Namwona," alisema.

"Ana kishungi?"

"Kishungi gani?"

"Kisogoni. Kinaning'inia kama nywele za mtoto aliyetolewa kwenye beseni."

Hennie akafinya macho. Kweli palikuwa na ndege mweusi karibu na barafu, na kweli kichwani mwake kulikuwa na kitu. Lakini bata wengine wote walikuwa wanazama na kuibuka, wanazama na kuibuka, maana baridi ina njaa. Huyu alikuwa ametulia tu. Wimbi likija anapanda, likipita anashuka. Shingo hageuzi. Hennie aliliona hilo, na halikumpendeza. Baadaye watu walisema yule mama haoni kitu zaidi ya uzi wake. Si kweli, aliona. Ila alipogeuka ili aseme, alimkuta mumewe anacheka peke yake, meno nje, kama mtu aliyepokelewa na nduguze bandarini.

"Nakiona," alisema.

"Huyu ni wa kwetu!" Gerrit alipiga usukani kwa kiganja. "Wa kwetu kabisa, wa Frisia nilikozaliwa! Kwao si huku, sijui upepo gani umemtupa. Mama yangu alikuwa anawatupia maganda ya viazi pale nyuma ya nyumba, kwenye mfereji. Na mmoja alikuwa mjeuri, anapanda mpaka mlangoni. Mama anamfukuza kwa ufagio huku anamwita jina la mchungaji wetu."

"Hilo hujawahi kuniambia."

"Nilikuwa nimelisahau. Nimelikumbuka sasa hivi." Akacheka tena mpaka kioo kikaingia ukungu.

Tangu vuli hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Mezani alikuwa anajibu ndiyo na hapana, na baada ya kula anaketi akiwa ameupa ukuta uso. Hennie alikuwa ameuzoea ule ukimya kama mtu anavyozoea bomba linalovuja, na sasa bomba lilipokaa kimya ndipo alipojua jinsi lilivyokuwa limemchosha. Akaendelea na kisigino chake. Alikuwa na furaha, na hakutaka kuigusa.

Gerrit alikuwa ameshashika simu. Alimpigia Isobel Garrow, mama aliyekuwa kiongozi wa watu wa ndege, wale wanaowatafuta na kuwahesabu, wa upande ule wa ziwa.

"Gerrit, una uhakika?" sauti ya Isobel ilisikika garini mote.

"Isobel, nimekua nao. Ni sawa na kuniuliza kama namjua shangazi yangu."

"Uko peke yako?"

"Niko na Hennie. Naye kakiona kishungi."

"Kama hata Hennie kakiona," alisema Isobel, "basi nawatangazia watu."

*

Watu wa ndege ni watu wa ajabu. Msiba wa jirani utawangoja mpaka Jumamosi, lakini waambie kuna bata amepotea njia kutoka ng'ambo ya bahari, wataamka gizani, watakwangua barafu kwenye vioo vya magari yao na kuendesha nusu ya siku. Wengine walitoka Toronto, wengine walivuka mpaka kutoka Buffalo. Kulipopambazuka siku ya pili magari yalikuwa yamejipanga toka nyumba ya Terpstra mpaka barabara inapokomea majini, na darubini zimesimama kwenye miguu yake mitatu, kila moja na mtu wake nyuma, amejifunika mpaka puani.

Gerrit alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani. Alipita katikati yao akigawa pipi za mnanaa, zile zile anazogawa kanisani kabla ya mahubiri.

"Karibu, karibu. Atatokea tu. Jana alikuwa pale kulia, karibu na barafu."

"Mzee Terpstra, umetutoa kitandani wewe," alisema mwanamke mmoja.

"Kitanda kipo kila siku, binti yangu. Bata huyu hayupo kila siku."

Walimheshimu, na alijua kwamba wanamheshimu. Kila Januari, siku ya kuhesabu bata ziwa zima, kila mtu hupewa kipande chake cha ufukwe, na kipande hakitoki mikononi mwa mtu mpaka afe au ahame. Toka mdomo wa kijito mpaka kwenye gati la zamani palikuwa pa Gerrit kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu hawakupaita jina jingine: walipaita kwa Terpstra. Hakuwa na cheo kingine duniani. Shamba limeuzwa, uzee wa kanisa umepewa vijana, binti yao Tineke yuko Calgary na hupiga simu Jumapili akiwa anapika. Kilichobaki ni kile kipande, na hesabu ya mwaka huu ilikuwa wiki inayofuata.

Hennie alitoka na sufuria ya supu ya njegere na soseji, akaiweka juu ya boneti ya gari lao na kuanza kugawa kwa vikombe. Watu walimshukuru, wakamsifia supu. Kijana mmoja wa Brampton, dereva wa malori, mwenye kilemba cha rangi ya chungwa na ndevu zilizoota barafu, alikipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Asante mama. Mimi naitwa Devinder. Zamu yangu inaanza saa sita, nimekuja mbio."

"Kula kwanza. Bata hakimbii," alisema Hennie, na mara tu alipolisema akatamani asingelisema.

Ukungu ulipoinuka juu ya maji, yule ndege alikuwa pale pale.

"Huyo!" Gerrit alinyoosha mkono. "Si niliwaambia? Huyo!"

Darubini zote ziligeuka upande mmoja. Palitulia, ukasikika upepo tu na viatu vikisaga theluji. Gerrit alisimama nyuma yao akisugua mikono, akingoja ile sauti anayoijua, sauti ya watu wazima wanaovuta pumzi kama watoto. Haikuja. Mtu mmoja akakohoa. Yule mwanamke aliyelalamikia kitanda akainua kichwa kutoka kwenye darubini, akamtazama mwenzake, akakirudisha.

Devinder alisogea karibu na mzee, akashusha sauti. "Mzee wangu, hebu tazama tena kupitia yangu. Hapo chini ya kifua. Naona kama kuna kamba."

"Kamba?"

"Kamba, eeh. Imenasa kwenye barafu."

"Ni ya plastiki!" alipasuka jamaa mmoja mnene, Russell Cobb, aliyekuwa ameendesha tangu usiku wa manane. "Jamani, ni bata wa bandia! Wa wawindaji, wa kuwavutia bata! Na kishungi chenyewe ni jani la ziwa limegandia kichwani!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nimeacha kazi kuja kutazama plastiki. Babu wee, siku nyingine mguse kwanza."

Watu wawili watatu walimwambia Russell anyamaze. Ndipo wakaanza kumfariji Gerrit, na hilo likawa baya kuliko kicheko. Inamtokea kila mtu, mzee. Mimi nami niliwahi kulihesabu gogo nikidhani ni bata. Mwanga wa jana ulikuwa mbaya. Walisema hayo huku wakikunja miguu ya darubini zao, na hakuna aliyemtazama usoni.

"Jana alikuwa wa kweli," alisema Gerrit. Kofia ilikuwa imemkaa upande. "Huyu si yule. Yule ameondoka usiku. Hennie alimwona. Mwulizeni Hennie."

Wote wakamgeukia. Hennie alikuwa ameshika upawa, supu inachuruzika juu ya theluji. Alimwona mumewe anamtazama, au anatazama upande wake, na alielewa anachotakiwa kusema. Lakini walikuwa wengi, wote wana macho makali ya watu wanaopima ndege kwa unyoya mmoja, akaona haya.

"Mimi sijui ndege, jamani," alisema. "Mimi nafuma tu."

Watu wakacheka kidogo, kwa nafuu. Gerrit hakucheka. Alivua kofia, akaenda kuketi garini.

*

Chakula cha mchana walikula mabaki ya supu. Gerrit alikata mkate vipande vidogovidogo, akaviacha.

"Uliniambia unakiona kishungi."

"Nilikuambia."

"Ulikiona au hukukiona?"

"Niliona kitu kichwani. Niliona pia kwamba hajitikisi." Hennie aliweka kijiko chini. "Nilidhani ni bata mgonjwa. Sikudhani plastiki, Mungu shahidi."

"Kwa nini hukusema hajitikisi?"

"Ulikuwa unafurahi, Gerrit. Ulikuwa unamzungumzia mama yako."

Gerrit alivuta pumzi kwa pua. Kisha aliuliza jambo jingine kabisa.

"Wale bata macho-dhahabu wa mwaka jana. Kundi lile kubwa mbele ya gati. Nilikuuliza kama wote wana doa jeupe shavuni, ukasema ndiyo."

"Sikumbuki."

"Ulisema ndiyo. Na wale weupe wenye mkia mrefu, nilikuuliza kama kuna majike kati yao."

"Gerrit, wewe huwa unauliza siku nzima! Unamwona yule, una maoni gani kuhusu wale, ni weusi au kahawia. Mimi nilidhani unatafuta maneno ya kusema. Nilidhani unanichangamsha. Mtu akikuchangamsha unamwambia ndiyo."

"Ulikuwa hutazami?"

"Nilikuwa nafuma."

Gerrit aliegemea kiti. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mimi nilikuwa naandika unachosema," alisema. "Miaka miwili. Nilikuwa najisifu moyoni, nasema huyu mwanamke aliyekuwa hapendi ndege sasa ana macho kunishinda. Nilitaka kumwambia Isobel akupe kipande."

Hennie alimtazama. "Kwa nini uliandika ninachosema mimi? Macho yako yana nini?"

"Katikati hakuna kitu."

"Katikati ya nini?"

"Ya kila kitu. Nikikutazama usoni, uso haupo. Kuna ukungu. Masikio yako nayaona vizuri." Alijaribu kutabasamu. "Masikio yako bado mazuri."

"Daktari anasema nini?"

"Anasema ni uzee, unaendelea, haurudi nyuma."

"Ulikwenda kwa daktari bila kuniambia?" Alikuwa amesimama, hajui tangu lini. "Na gari je? Gerrit, unaniendesha kwenda kanisani! Unaendesha kwenye barafu na huoni uso wa mtu!"

"Naendesha polepole."

Hennie alicheka, kicheko kibaya kilichomtisha mwenyewe. Kisha akaenda kwenye msumari wa mlangoni, akachukua ufunguo wa gari na kuutia mfukoni mwa aproni yake. Gerrit aliusikia ukilia. Alikuwa anafikiri juu ya ile miaka miwili, asubuhi baada ya asubuhi, wawili wameketi bega kwa bega ndani ya gari moja, na kila mmoja alikuwa peke yake.

*

Isobel Garrow alikuja Alhamisi na pai ya matofaa. Alisifia mapazia, akauliza habari za Tineke, akaeleza jinsi mume wake alivyoteleza kwenye ngazi. Alikula kipande cha pai yake mwenyewe na kunywa vikombe viwili vya kahawa. Alikuwa rafiki wa nyumba ile tangu nywele zake zilipokuwa nyekundu, na sasa alikuwa anazungushazungusha kijiko kwenye kikombe kitupu.

"Isobel," alisema Gerrit, "hukuja kutazama mapazia."

"Hapana." Akaweka kijiko. "Ni ile hesabu ya Jumamosi. Si mimi, Gerrit, ni kamati. Watu wanauliza maswali. Mimi nimewaambia siku moja haiharibu miaka thelathini. Lakini wanasema, mwaka jana hapa kwako kulikuwa na macho-dhahabu wengi kuliko popote ziwani. Wanataka nikuulize tu. Ukiniambia ni sawa, mimi naiacha kama ilivyo. Neno lako linanitosha."

Hennie alikuwa kwenye beseni la vyombo, amewapa mgongo. Aliacha kuosha. Alijua jinsi ilivyokuwa rahisi: neno moja tu, la kawaida, na kipande kingebaki cha Terpstra, na Jumamosi Gerrit angekuwa na mahali pa kwenda. Alimwomba Mungu ili mumewe aliseme, kisha akaona haya kumwomba Mungu jambo kama hilo.

"Futa," alisema Gerrit.

"Nini?"

"Futa ya mwaka jana. Na ya mwaka juzi. Yote toka kijito mpaka gati."

"Gerrit, hakuna aliyesema ufute, tunauliza kundi moja tu..."

"Mimi nasema. Sikuwaona. Siwaoni, Isobel. Wewe mwenyewe sikuoni, najua ni wewe kwa marashi yako."

Isobel aliweka mkono mdomoni. Macho yalimjaa machozi, na pengine ilikuwa heri kwamba Gerrit hakuweza kuyaona. Alitaka kumshika mkono. Alitaka kumwambia kwamba Jumamosi aje tu, aandamane na yeyote atakayepewa kipande, maana hakuna aliyelijua lile ziwa kama yeye. Alikuwa ameyapanga maneno hayo garini. Lakini aibu ilikuwa imejaa jikoni mle, yakamkwama.

"Basi itabidi tumpe Devinder," alisema badala yake. "Yule wa kilemba."

"Aliyeona kamba."

"Ndiyo."

"Ana macho mazuri," alisema Gerrit. "Na hakucheka."

Isobel alivaa koti. Mlangoni aligeuka, akasema kwa sauti ya juu kupita kiasi, "Na chakula cha jioni ya hesabu mnakaribishwa, eeh? Kama wageni wetu." Alipoingia garini alijipiga paji la uso kwa ajili ya neno lile, wageni, lakini lilikuwa limeshatoka.

*

Jumamosi kulikucha na jua kali na baridi kali zaidi, ziwa limelala. Gerrit alijiamkia mapema, akanyoa, akavaa suruali nzito na soksi mbili kwa mazoea. Kisha akakumbuka. Akaketi jikoni na kuupa mgongo mlango wa kioo unaotazama majini.

"Amefika?" aliuliza.

"Nani?"

"Usijifanye, mama."

"Amefika," alisema Hennie. "Anafunga darubini yake."

"Amesimama wapi?"

"Mwisho wa barabara. Pale kwenye nguzo."

"Pale?" Gerrit alisonya. "Pale jua linampiga machoni. Kila bata atamwonekania mweusi. Asimame nyuma ya nyumba ya pampu, kwenye kivuli, ndiyo ataona rangi. Nani atamwambia?"

"Nenda kamwambie wewe."

"Nikaseme nini? Kipofu nimekuja kukufundisha kutazama?"

"Basi nakwenda mimi."

Alivaa buti na koti juu ya aproni, akatoka kabla hajakatazwa. Theluji ilikuwa ngumu, inapiga kelele chini ya miguu. Devinder alimwona anakuja, akavua glavu ili amsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzee anasema usisimame hapa. Usimame nyuma ya nyumba ya pampu, kwenye kivuli, jua lisikupige machoni."

Devinder alitazama jua, akatazama nyumba ya pampu, akacheka. "Na mimi nashangaa kwa nini nalia machozi! Asante. Mwenyewe yuko wapi? Anaumwa?"

"Haumwi. Yuko ndani."

"Mama, mwambie aje basi." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine ufukweni. "Tangu asubuhi nataka kubisha hodi, naogopa. Mimi ndiye niliyesema habari ya kamba. Lakini nina viti viwili ndani ya gari, na blanketi. Mimi kuona naona, ila sijui pa kutazama. Hawa bata wanalala upande gani, wanakula wapi, sijui kitu. Aje aniambie. Nitamsubiri mpaka nimalize upande huu. Nikishamaliza itabidi nikimbilie gatini, la sivyo bata wa kule watatawanyika."

Hennie alirudi karibu mbio, mwanamke wa miaka sabini na kitu kwenye barafu. Alifungua mlango, mashavu yanamwaka.

"Anasema uende! Ana kiti chako na blanketi. Anasema yeye anaona ila hajui pa kutazama, umwonyeshe wewe. Tangu asubuhi alitaka kubisha hodi, akaogopa. Haya, simama!"

Gerrit aligeuza kichwa upande kidogo, kama alivyofanya siku hizi kila alipotaka kumwona mtu kwa pembe ya jicho.

"Maneno mazuri hayo," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Amesema kweli, au unanifurahisha?"

Hennie alibaki na mkono kwenye kitasa. Baridi ilikuwa inaingia ndani.

"Kweli, Gerrit."

"Hata kishungi uliniambia unakiona." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira Hennie angejua la kujibu. "Sikulaumu. Unaniona nimekaa hapa, unaumia, unatafuta la kunipa. Lakini nikifika pale nikute hajaniita? Asimame anitazame, aone haya, aseme karibu mzee? Nimeshafarijiwa pale mara moja. Inatosha."

"Vaa koti, twende pamoja. Utamsikia mwenyewe."

"Funga mlango, mama. Baridi."

Aliufunga. Alifikiri kurudi kumwita Devinder aje aseme kwa kinywa chake, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari. Lakini amwambie nini yule kijana? Kwamba mumewe aliyeishi naye tangu usichana hawezi kuliamini neno lake jikoni mwao, mpaka apate shahidi? Hakuweza. Alilichukua koti la Gerrit kwenye msumari, akasimama nalo, akidhani labda akiliona litamshawishi. Kisha akakumbuka kwamba halioni vizuri.

Kule nje Devinder alikuwa amehamia nyuma ya nyumba ya pampu. Alihesabu kwa midomo, akaandika, akainua kichwa na kutazama nyumba yao. Baada ya muda akatazama tena.

"Anatazama huku," alisema Hennie. "Gerrit, anakutafuta."

"Haya, mama," alisema Gerrit kwa upole, upole ule ule wa watu wa ufukweni walipokuwa wanakunja darubini zao.

Devinder alikunja miguu ya darubini polepole. Aliitia garini. Alisimama mlangoni mwa gari kwa kitambo akiipuliza mikono yake, akiutazama mlango wao, na Hennie alimpungia mkono bila kujua anataka kumwambia aje au aende. Naye akapunga. Kisha akaingia, akawasha gari na kuelekea gatini.

"Bado yupo?" aliuliza Gerrit.

Barabara ilikuwa tupu mpaka majini. Hennie alilishika lile koti kwa mikono yote miwili.

"Ameondoka," alisema.

Gerrit alitikisa kichwa kukubali. Hilo aliliamini papo hapo, wala hakuuliza mara ya pili.